Namba Tatu Nyuma ya Kadi ya Kliniki

Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua mstaafu mnayemfahamu ninyi ana mvi na fimbo, na ukutani ametundika barua ya shukrani. Mimi nina miaka ishirini na saba, nina mtoto anayejifunza kutembea, na barua niliyopewa ilikuwa na mistari miwili. Lakini mashine ile niliikalia miaka mitatu, na sasa nasikia ninyi wasichana wawili mliomaliza kidato cha nne mmechaguliwa kwenda Bukoba kufundishwa kompyuta, mkirudi mkae kwenye kiti kilekile. Kabla hamjakikalia, someni hapa. Huko mnakokwenda watawafundisha kuchapa. Hakuna atakayewaambia diski ikigoma mfanye nini, wala mkubwa akigoma kusikia mfanye nini.

Ofisi mnaijua. Shirika silitaji jina, maana sitaki kesi. Kazi yetu ilikuwa moja: watoto waliovuka mpaka wakati wa wakimbizi bila baba wala mama. Kila mtoto alijaziwa fomu. Jina, kama analijua. Alipookotwa. Alikuwa amevaa nini. Ana kovu gani. Familia gani ya hapa kwetu imempokea. Mimi niliingiza yote hayo kwenye kompyuta, na fomu zenyewe Mratibu, mkubwa wa ofisi, alizipeleka makao makuu, ambako ziliwekwa kwenye kontena na kontena likapigwa kufuli. Kwa hiyo mama akija kutafuta mtoto, mahali pa kumtafutia palikuwa pamoja tu, ndani ya ile mashine.

Na mashine ilikuwa kizee. Ilitoka Ulaya imeshatumika, kasha lake rangi ya jino bovu, zito kama jiwe la kusagia. Ndani yake kuna kisanduku cha chuma, ndiyo diski ngumu. Humo kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa chembamba kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Kikizigusa, mmekwisha.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Kamugisha, mtu wa Muleba, ambaye alikuwa ameianza kazi hiyo kabla yangu. Hakuwa na cheti cha kompyuta. Alikuwa fundi wa redio aliyepewa kitabu cha maelekezo, akakisoma mpaka kikachanika. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa hata kitufe kimoja. Alifungua kasha, akanipa bisibisi ndefu.

"Mpini uweke sikioni. Ncha igusishe kwenye diski, taratibu. Unasikia nini?"

"Kama mvua iliyo mbali."

"Hiyo ni nzima. Ikianza ka-ka-ka, kama kuku anadonoa bati, zima palepale, usimalize hata neno unaloandika. Ikiwa kimya kabisa usilie kwanza. Angalia waya wa umeme umeingia, angalia ule mkanda mpana wa nyaya umekaa sawa. Ninyi Wanyambo mna haraka ya kusema kitu kimekufa."

"Na ninyi Wahaya mna hotuba ndefu kabla ya kukizika," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Nitawaambia makosa yangu kwanza, ili msije mkadhani nawatukana watu bila kujitazama. Nilipopewa kiti nilitaka chumba kipendeze. Nikafuma kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika mashine kama tunavyofunika redio sebuleni, na juu yake nikaweka chombo cha maua ya plastiki. Wageni wakasifu. Wiki ya pili mashine ikawa inazimika kila saa sita. Bwana Kamugisha akaja, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa haraka.

"Waitu, binti! Umeivalisha sweta!"

Matundu yote ya kupumulia yalikuwa chini ya maua yangu. Diski ilikuwa ya moto hata ungeweza kupashia uji. Kitambaa kile sasa kinafunika sufuria la maziwa nyumbani kwangu, ndiko kinakostahili. Ninyi msifunike kitu kinachohema.

Kosa la pili liliumiza zaidi. Ijumaa moja nilinakili orodha ya watoto kwenye disketi nane, ili diski ikifa tuwe na akiba. Nikampa Mzee Paskali, mlinzi na mtunza stoo wetu, azitunze nje ya ofisi, maana ofisi ingeweza kuungua au kuibiwa. Mzee Paskali ni mtu mwaminifu. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye amezaliwa Ihembe, na sijawahi kuona msumari wa ofisi umepotea mikononi mwake. Nilimwambia neno moja tu: "Mzee, ziweke mahali pakavu, pasipofika panya wala wadudu."

Miezi mitano baadaye nilitaka kuzijaribu. Ndiyo, miezi mitano. Nilipaswa kuzijaribu Ijumaa ileile. Mzee Paskali akaniletea kibuyu. Nikadhani ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akakiinamisha, yakamwagika majivu, na ndani ya majivu disketi zangu nane.

"Mzee, hizi zilikuwa wapi?"

"Jikoni, juu ya uchaga, kwenye moshi. Hapo ndipo tunapoweka mbegu za maharage. Hakuna mdudu aliyezigusa, angalia mwenyewe!"

Na kweli hakuna mdudu aliyezigusa. Zilikuwa zimejikunja kwa joto, na kila moja ukiitikisa inatoa majivu kama kiko. Alikuwa amefanya kile ambacho mtu yeyote wa huku mwenye akili angefanya akiambiwa atunze kitu cha thamani. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa wa kumpigia. Kosa lilikuwa la kwangu: sikumweleza kitu chenyewe ni nini, na kinaogopa nini. Nikaagiza disketi mpya. Mratibu akasema nitume maombi kwa maandishi. Nikatuma. Zilifika siku nitakayowaeleza ikiwa imeshapita.

Sasa Bwana Kamugisha akapata kazi nyingine Bukoba. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka uzazi, mwanangu Kemi ana miezi mitatu, mama mkwe aliyepaswa kumlea anaumwa mgongo. Nikawa naja naye ofisini. Siku ya mwisho Bwana Kamugisha alifungua ule ukurasa wa bluu unaotokea ukibonyeza kitufe fulani wakati mashine inawaka.

"Njoo uandike," akasema. "Mashine hii ina betri ndogo ndani. Umeme ukizimwa, betri ndiyo inayoikumbusha mambo mawili: leo ni tarehe gani, na diski yake ina umbo gani. Umbo ni namba tatu. Mashine za siku hizi zinajua zenyewe, hii haijui. Betri ikifa, inasahau kwamba ina diski."

"Namba si zimeandikwa juu ya diski?"

"Karatasi yake ilifutika maandishi kabla haijafika hapa. Andika sasa, mashine ikiwa nzima. Ikishaugua haitakuambia."

"Nitaandikaje nimebeba mtoto?"

"Hivyohivyo."

Karatasi haikuwepo karibu. Nikatoa kadi ya kliniki ya Kemi kwenye kanga, nikaandika nyuma yake, mtoto akinivuta kalamu: 977, 5, 17. Ile tano ilikwenda pembeni kama mkia wa panya, lakini inasomeka mpaka leo.

Baada ya miezi michache, saa ya mashine ikaanza kurudi nyuma. Kila asubuhi nikiiwasha inaniambia ni mwezi wa kwanza mwaka 1980. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu na sina viatu. Nikaenda kwa Mratibu.

"Mratibu, kompyuta imesahau tarehe. Inahitaji betri."

"Kwani wewe tarehe huijui?"

"Naijua."

"Basi iandikie."

Nikaenda mara tatu, jibu lilelile. Wasichana, sikilizeni, hapo nilikosea tena. Nililalamikia tarehe. Nilitakiwa kusema: "Betri hii ikiisha kabisa, orodha ya watoto haitafunguka." Mkubwa hajali saa ya mashine, hata yeye mwenyewe anafika saa nne. Mwambieni kitakachopotea, tena mbele ya mtu mwingine.

Ikaja Alhamisi. Kwenye benchi nje amekaa mama mmoja anaitwa Konsolata, kibarua wa kuchuma kahawa huko Bugomora. Alikuwa ametembea tangu jana yake. Wiki iliyotangulia alikuja kueleza habari za binti yake, Donata, mwenye alama ya moto mkononi, nami nilikumbuka nimeandika mtoto wa namna hiyo, ila siku hiyo jenereta haikuwa na mafuta. Nilimwambia arudi Alhamisi. Sasa alikuwa amerudi.

Nikawasha mashine. Kikatokea Kiingereza kwenye kioo: diski ngumu imeshindwa. Nikafungua kasha, nikaweka bisibisi sikioni. Mvua iliyo mbali. Diski ilikuwa inazunguka vizuri kabisa! Nikashika kadi yangu, nikamwendea Mratibu kumwambia najua dawa yake.

"Usiguse," akasema. "Kuna injinia yuko njiani kutoka Mwanza, anakuja kwa ajili ya jenereta. Ataitazama. Wewe funga hicho kifuniko kabla hujaharibu zaidi."

"Ni betri tu, Mratibu. Namba ninazo."

"Mama Kemi. Funga."

Nikafunga. Mnaona? Hasira zangu zote za leo zinaanzia kwenye kile kifuniko. Nilikuwa na dawa mkononi nikafunga.

Injinia alifika saa nane, kijana mwenye tai na kalamu tatu mfukoni. Hakuweka sikio wala mkono kwenye diski. Alisoma yale maandishi ya kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Nani hukaa chumba hiki?" akamuuliza Mratibu, mimi nimesimama palepale kama kabati.

"Mama Kemi. Na mtoto wake."

"Ahaa. Basi ndiyo sababu. Mkojo, maziwa, unyevunyevu. Diski haivumilii mambo hayo."

"Mtoto wangu amekojoa wapi?" nikauliza. "Nionyeshe palipolowa."

"Dada, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Umeangalia saa ya mashine?"

Mratibu akacheka. "Huyu na saa yake! Mwezi mzima ananiimbia saa."

Injinia akaingia kwenye ukurasa wa bluu, akachagua namba zozote zilizoko kwenye orodha ya mashine, si namba za diski yetu. Mashine ikaiona diski, lakini kila alichofungua kikatoka takataka, alama zisizosomeka. Ni sawasawa na kusoma barua kwa kuruka mistari. Yeye akasema: "Data zote zimeoza. Dawa ni kuifomati, ianze upya." Kufomati, kwa asiyejua, ni kuifuta na kuipanga upya. Mratibu akamwambia sawa, fanya, nitie sahihi wapi.

Konsolata alikuwa ameacha benchi, yuko mlangoni. Kiswahili chake cha shida, lakini aliona nyuso zetu.

"Mama," akaniita, "jina lake bado liko mule?"

Mashine ilikuwa imeshamuuliza injinia kama ana uhakika, na kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye herufi ya kukubali. Kemi nilikuwa nimembeba kiunoni. Nikainama, nikashika waya wa umeme, nikaung'oa ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Mratibu akanigeukia.

"Umechanganyikiwa wewe?"

"Sijachanganyikiwa. Mnataka kufuta watoto wa watu kwa sababu ya betri ya saa!"

"Utalipa hii mashine!"

"Nitalipa. Ila nipe dakika tano kwanza. Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe na mtoto wangu, na huyu bwana afute anachotaka."

Injinia akasema, "Mwache ajaribu, tumcheke kidogo." Nilimshukuru kwa hilo, ingawa hakulisema kwa wema.

Sasa fuateni, hii ndiyo kazi yenyewe. Nilihesabu mpaka thelathini kabla ya kurudisha waya, ili zile sahani zisimame kabisa. Msiwashe diski ambayo bado inajizungukia. Nikawasha, nikasikiliza: mvua iliyo mbali. Nikaingia ukurasa wa bluu. Tarehe, mwaka 1980, kama nilivyosema. Nikashuka kwenye mstari wa diski, nikaenda mpaka mwisho kabisa wa orodha, pale mashine inapokuruhusu kuandika namba zako mwenyewe. Nikaitoa kadi ya kliniki. Upande wa mbele, uzito wa Kemi na chanjo zake. Upande wa nyuma, namba zangu. Silinda 977. Vichwa 5. Sekta 17. Nikahifadhi, nikaiacha ijiwashe upya, na wakati huo wote Kemi alikuwa ananyonya, maana alikuwa na njaa na hakujua kwamba yeye ndiye mshtakiwa.

Taa nyekundu ya diski ikapepesa. Orodha ikafunguka.

Nikaandika Donata. Wakatoka wawili. Wa kwanza alikuwa mkubwa, miaka kumi. Wa pili nikamsoma kwa sauti: "Miaka kama minne. Kovu la moto mkono wa kushoto. Gauni la njano, mfuko mmoja wa kijani. Amepokelewa Songambele."

Konsolata akashika fremu ya mlango.

"Mfuko ule kitambaa cha njano kilinipungukia," akasema. "Nikaukata kwenye kanga yangu."

Dereva wa ofisi alimpeleka Songambele jioni ileile, na Mzee Paskali akaomba aende naye ili awe na mtu wa kuzungumza lugha yake njiani. Aliporudi alisema mtoto hakumtambua mama yake mwanzoni. Alilitambua kwanza lile kovu la kidoleni ambalo mama alilipata kwa mundu. Alilishika, akalishika, ndipo akapanda mapajani.

Mnadhani nilipewa barua ya shukrani? Nilibandika karatasi yenye zile namba tatu ubavuni mwa mashine, ziandikwe upya kila asubuhi, nikaandika kwa herufi kubwa: NUNUENI BETRI. Injinia aliibandua kabla hajaondoka. Alisema inachafua kifaa. Taarifa ya mwezi niliichapa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, Mratibu akinisomea: hitilafu ya diski ilitatuliwa na mtaalamu kutoka Mwanza. Nikasimamisha vidole.

"Mratibu, hapa si kweli."

"Chapa."

Baada ya wiki mbili ikaja ile mistari miwili: ofisi haiwezi kuendelea na mtumishi anayekuja na mtoto mchanga, kwa usalama wa vifaa. Usalama wa vifaa! Kadi iliyoviokoa vifaa ilikuwa ofisini kwa sababu mtoto alikuwa ofisini. Laiti Kemi angebaki nyumbani kama walivyotaka, kadi ingebaki naye, na Donata angebaki takataka kwenye kioo.

Basi, mwezi uliopita nilikuwa uani napukuchua maharage, nikasikia gari. Akashuka Mratibu, viatu vinang'aa. Nikamwamkia, nikampa kigoda. Akaulizia shamba, akaulizia mama mkwe, akaulizia kama senene wamefika huku kwetu. Nikamwacha amalize vyote.

"Mama Kemi," akasema mwishowe, "ile mashine. Tangu uondoke inasema diski imeshindwa."

"Mlinunua betri?"

Akatazama maharage.

"Tuliomba kwa maandishi," akasema. "Na yule injinia hapatikani. Nasikia wewe una zile namba."

"Ofisini kuna watu?"

"Kwenye benchi wako akina mama watatu. Mmoja ametoka mbali sana."

Niliwahi kuifikiria siku hii. Nilipanga kumwambia arudi na barua ya kuniomba radhi, na jina langu kwenye taarifa. Lakini akina mama watatu kwenye benchi hawana kosa, nami benchi lile nalijua lilivyo gumu. Nikaingia ndani, nikatoka na kadi. Akanyoosha mkono kuipokea.

"Kadi ya mwanangu haitoki hapa," nikamwambia. "Ina chanjo zake. Nitakusomea, wewe uandike."

Akatoa kitabu chake na kalamu. Kemi akawa amefika miguuni pangu, analia anataka kubebwa. Nikamwinua, nikamweka mapajani pa Mratibu.

"Mshike, mikono yangu ina maganda."

Kemi akamtazama, akanyamaza, akaishika kalamu.

"Sasa nitaandikaje nimebeba mtoto?" akasema Mratibu.

"Hivyohivyo," nikamwambia. "Mia tisa sabini na saba. Andika, wale akina mama wanasubiri."